BILHAZIA NI JINA LA MTU: MAISHA YA DAKTARI THEODOR BILHARZ (1825–1862)

Leo naomba tuweke pembeni siasa na mpira, tumzungumzie mtu ambaye jina lake tumelitaja mara nyingi bila kujua kama ni jina la mtu. Sekondari kwenye baiolojia tuliambiwa kichocho kinaitwa pia bilhazia. Tukaandika kwenye daftari, tukakariri, tukajibu mtihani, yakaisha. Wengi tulidhani ni Kilatini tu kama yale maneno mengine ya kuvunja ulimi. Kumbe ni jina la kijana wa Kijerumani aliyekwenda Misri akiwa na miaka 25, akagundua mnyoo ndani ya damu ya watu akiwa na miaka 26, akafariki na miaka 37 kabla hajajua mnyoo huo unaingiaje mwilini.

Hicho kipande cha mwisho ndo kimenifanya niandike. Jamaa alimwona adui kwa macho yake lakini hakuuona mlango anaopitia. Ilipita miaka 64 ndipo mtu mwingine akauonyesha mlango wenyewe huko huko Misri, na zaidi ya miaka 120 ndipo ikapatikana dawa nzuri ya kumeza. Hapo katikati watu wa kando ya mto Nile waliendelea kuumwa, na wengine waliumizwa na matibabu yenyewe. Na sisi wa kando ya Ziwa Victoria na mabonde ya mpunga bado tunaumwa mpaka leo. Kwa hiyo hadithi hii ni ya kwetu pia. Twende taratibu.

KIJANA WA KANDO YA MTO

Theodor Maximilian Bilharz alizaliwa tarehe 23 Machi 1825 katika mji mdogo wa Sigmaringen, kusini mwa Ujerumani. Mji huo uko kando ya mto Danube na juu yake kuna ngome kubwa iliyokaa juu ya mwamba. Wakati huo Ujerumani haikuwa nchi moja kama leo, ilikuwa vijinchi vingi kila kimoja na mtawala wake. Baba yake alikuwa ofisa katika serikali ya mtawala wa hapo, na mama yake alitoka Uswisi. Hawakuwa watu wa kulala njaa. Mdogo wake mmoja, Alfons, naye baadaye alikuja kuwa daktari na mwandishi wa falsafa.

Chuo alianzia Freiburg mwaka 1843, na mwanzoni alisoma falsafa. Baadaye akahamia Tübingen kusoma udaktari, akimfuata profesa wake wa anatomia, Friedrich Arnold. Akiwa mwanafunzi alishinda zawadi kwa insha ya kisayansi kuhusu damu ya wanyama wasio na uti wa mgongo. Hapo mdau ushaanza kuona kijana anaelekea wapi. Wenzake walikuwa wanataka kuwa madaktari wa kutibu wagonjwa wenye pesa, yeye anachungulia damu ya wadudu na konokono kwenye hadubini.

Watu wawili ndio waliobadilisha maisha yake. Wa kwanza ni Carl Theodor von Siebold, mtaalamu mkubwa wa zoolojia ambaye enzi hizo alikuwa miongoni mwa watu waliojua zaidi habari za minyoo inayoishi ndani ya viumbe wengine. Bilharz alifanya naye kazi Freiburg. Wa pili ni Wilhelm Griesinger, daktari aliyemfundisha Tübingen, ambaye baadaye alipata sifa kubwa kwa kazi yake ya magonjwa ya akili. Siebold alimpa jicho la kutafuta minyoo. Griesinger alimpa safari.

SAFARI YA MISRI

Mwaka 1850 mtawala wa Misri alikuwa Abbas Pasha, mjukuu wa Muhammad Ali. Alimwita Griesinger aje kuwa daktari wake binafsi na kusimamia mambo ya tiba nchini. Griesinger akamchukua Bilharz kama msaidizi wake. Fikiria, kijana wa miaka 25, shule ndo kwanza imeisha, anapanda meli kwenda nchi asiyoijua.

Walifikia Cairo, kwenye hospitali na shule ya udaktari ya Kasr el-Aini. Shule hiyo ilianzishwa mwaka 1827 wakati wa Muhammad Ali ikiongozwa na daktari Mfaransa, Clot Bey, na mwaka 1837 ikahamishiwa hapo Kasr el-Aini, karibu kabisa na Nile. Mpaka leo ipo, ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Cairo.

Ulaya wakati huo daktari kupata maiti ya kuchunguza lilikuwa jambo gumu kidogo. Kasr el-Aini wagonjwa walikuwa wengi, na waliokufa walikuwa wengi. Askari, vibarua, wakulima wa kutoka vijijini, watoto. Griesinger na Bilharz walipasua maiti kwa mamia kutafuta kilichowaua. Watu hao majina yao hayakuandikwa popote. Naomba mlikumbuke hilo, nitalirudia baadaye.

MWAKA 1851

Sasa tuje kwenye mwaka wenyewe. Watu wa Misri walikuwa wanakojoa damu tangu zamani sana. Mwaka 1910 mtaalamu Marc Armand Ruffer alichunguza figo za maiti za kale zilizokaushwa, zile mami zenye umri wa miaka kama 3,000, akakuta mayai ya mnyoo wa kichocho humo ndani. Napoleon naye alipoivamia Misri mwaka 1798, askari wake wa Kifaransa walianza kukojoa damu, na daktari wa jeshi akaandika habari zake. Kwa hiyo ugonjwa ulijulikana. Kisichojulikana ni sababu. Wengine walisema joto, wengine jasho, wengine vumbi. Sehemu nyingi za Afrika mvulana kukojoa damu lilionekana jambo la kawaida tu, kwamba sasa anakua. Hata huku kwetu wapo wazee waliokuwa wanasema hivyo hivyo.

Bilharz hakuishia kuangalia kibofu. Alikuwa amefundishwa na Siebold, kwa hiyo alitafuta minyoo kila mahali, mpaka mahali ambapo mtu mwingine asingefikiria. Mwaka 1851, akiwa anapasua maiti, aliangalia ndani ya ule mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini. Humo, ndani ya damu, akakuta minyoo myeupe myembamba.

Hapo mdau usipite haraka. Minyoo ya tumboni kila mtu aliijua. Lakini mnyoo anayeishi ndani ya mshipa wa damu ya binadamu, hiyo ilikuwa habari mpya kabisa. Alipoendelea kuichunguza akaona jambo jingine la ajabu zaidi. Dume ana mwili uliojikunja kama mfereji, na ndani ya mfereji huo amelala jike, mwembamba kama uzi na mrefu kuliko dume. Wanaishi hivyo wawili wawili kwa miaka, jike akitaga mayai kila siku. Bilharz akawaita kwa Kilatini Distomum haematobium.

Akamwandikia barua mwalimu wake Siebold kule Ujerumani, barua baada ya barua, na michoro juu. Siebold alikuwa mhariri wa jarida la zoolojia, akazichapisha. Kufikia 1852 Bilharz alikuwa ameshaunganisha mambo. Aliyakuta mayai ya mnyoo huo kwenye vidonda vya kibofu cha mkojo na kwenye kuta za utumbo, akaona kwamba kukojoa damu na baadhi ya yale matumbo ya kuhara damu chanzo chake ni mnyoo yule yule wa kwenye damu. Si joto, si jasho. Griesinger baadaye, mwaka 1854, alitoa hesabu yao: katika maiti 363 walizopasua, 117 zilikuwa na mnyoo huo. Karibu mtu mmoja katika kila watatu!

Tena mayai aliyaona ya aina mbili. Mengine yana mwiba mdogo mwishoni, mengine yana mwiba ubavuni. Aliona tofauti hiyo akaichora, lakini akadhani ni ya mnyoo mmoja. Kumbe ni minyoo wawili tofauti. Wa mwiba wa mwishoni ndiye wa kichocho cha mkojo. Wa mwiba wa ubavuni ndiye wa kichocho cha utumbo, ambaye Louis Sambon alimpa jina lake mwaka 1907: Schistosoma mansoni. Huyu wa pili wakazi wa Mwanza, Ukerewe na visiwa vyote vya Ziwa Victoria wanamjua vizuri hata kama hawajui jina lake.

MNYOO WA SAMAKI

Wengi wakimtaja Bilharz wanaishia hapo kwenye kichocho. Lakini mwaka ule ule wa 1851 alifanya mengine mawili ambayo mtu mwingine angeridhika nayo maisha yake yote.

Kwenye utumbo mwembamba wa mvulana mmoja aliyefariki Cairo alikuta tegu mdogo sana, ambaye leo tunajua ni tegu anayepatikana kwa wingi duniani, hasa kwa watoto. Na kwenye utumbo wa maiti ya Mmisri mwingine akakuta mnyoo bapa mdogo mno, wa milimita moja hivi, ambaye kwa haraka ungedhani ni punje ya mchanga. Huyo akaja kuitwa Heterophyes. Ni ndugu wa mbali wa mnyoo wa kichocho, wote wako kwenye kundi la minyoo bapa wanaohitaji konokono ili waishi.

Tofauti iko kwenye njia. Wa kichocho anatoka kwenye konokono na kukuingia kupitia ngozi ukiwa majini. Huyu Heterophyes anatoka kwenye konokono, anaingia kwenye samaki, anajifungia kwenye nyama ya samaki, halafu anasubiri wewe umle samaki huyo bila kumwivisha. Misri makao yake makubwa ni kule Nile inakokutana na bahari, kwenye maziwa ya maji ya chumvichumvi kama Manzala na Burullus. Watu wa huko wanakula sana mkizi (yule yule wa kwenye methali ya hasira zake) na jamii ya perege. Kuna chakula chao kinaitwa fesikh, ni mkizi aliyetiwa chumvi na kuvundikwa bila kupikwa, wanamla hasa kwenye sikukuu yao ya majira ya kuchipua. Akivundikwa siku chache tu, mnyoo anakuwa bado mzima. Mwenye minyoo hao wengi anaumwa tumbo, anaharisha, anakonda. Mwenye wachache hata hajui kama anao, na kila akijisaidia karibu na maji anairudisha mbegu mtoni.

Kwa hiyo ukisikia watu wa kando ya mito wana matumbo yasiyoisha, usikimbilie kusema wamelogwa au ni wachafu. Mto unawalisha na mto huo huo unawarudishia minyoo. Bilharz ndiye mtu wa kwanza kuwaonyesha minyoo hao wawili, wa damu na wa samaki, tena ndani ya mwaka mmoja, akiwa na umri wa wengi wetu tunaosoma hapa.

ALIVYOBAKI CAIRO

Mwaka 1852 Griesinger alirudi Ulaya, Bilharz akabaki. Akawa daktari mkuu wa kitengo hospitalini, na katikati ya miaka ya 1850 akapewa uprofesa wa anatomia hapo Kasr el-Aini. Akawa anawafundisha Wamisri udaktari.

Ungetegemea aendelee na mnyoo wake mpaka ajue anatoka wapi, lakini haikuwa hivyo. Alitumia muda mrefu kwenye samaki mwingine wa Nile, kambare wa umeme. Samaki huyo ukimshika anakupiga shoti. Waarabu wanamwita raad, yaani radi. Jamii yake ipo hata kwenye Ziwa Tanganyika, wavuvi wa Kigoma watakuwa wanamfahamu. Bilharz alitaka kujua umeme huo unatengenezwa wapi mwilini na mishipa ya fahamu inafikaje hapo, na mwaka 1857 akatoa kitabu kizima chenye michoro. Enzi hizo hata taa ya umeme majumbani hakuna, yeye anachambua samaki mwenye umeme.

Kuna watakaosema alipoteza muda. Mimi naona tusimhukumu kwa haraka. Hakuna mtu duniani wakati ule aliyekuwa na kifaa cha kuufuata mnyoo kutoka kwenye mayai hadi majini hadi kwa konokono. Hata waliokuja baada yake walishindwa kwa miaka mingi, wakiwa na vifaa bora kuliko vyake. Ila kwa mkulima wa Misri aliyekuwa amesimama shambani na maji magotini, matokeo yalikuwa yale yale. Sasa anaumwa ugonjwa wenye jina, lakini bado anaumwa.

SAFARI YA MWISHO

Mwaka 1862 alikuja Misri mtawala mmoja wa Kijerumani, Ernst wa Pili wa Saxe-Coburg na Gotha, kaka wa Albert aliyekuwa mume wa malkia Victoria wa Uingereza. Alikuwa anakwenda kuwinda na kutalii upande wa Bahari ya Shamu. Msafara ulikuwa mkubwa, ndani yake yumo Alfred Brehm, mwandishi maarufu wa vitabu vya wanyama. Bilharz akaenda nao hadi Massawa, bandari ambayo leo iko Eritrea.

Kwenye safari hiyo akapata homa kali. Alirudi Cairo akiwa mgonjwa, na tarehe 9 Mei 1862 akafariki. Miaka 37. Akazikwa huko huko Cairo, mbali na Danube alikozaliwa. Miaka 12 tu ndiyo aliyokaa Afrika.

BAADA YA KIFO CHAKE

Jina lake lilishaanza kutumika kabla hajafa. Mwaka 1856 mtaalamu Meckel von Hemsbach alipendekeza mnyoo yule aitwe Bilharzia. Mwingine, Weinland, mwaka 1858 akamwita Schistosoma, maana yake mwili uliopasuka, kwa sababu ya ule mfereji wa dume. Wakabishana miaka mingi. Kisayansi Schistosoma ikashinda, lakini mdomoni mwa watu bilhazia ikabaki. Vita vya kwanza vya dunia askari wa Kiingereza waliokuwa Misri lilipowashinda kulitamka wakawa wanasema Bill Harris, kama vile ni jina la mwenzao wa kambini. Hata mwezini kuna shimo limepewa jina la Bilharz. Na Giza, ng'ambo ya Nile kutoka Cairo, kuna taasisi ya utafiti na hospitali yenye jina lake inayoshughulika na magonjwa haya haya.

Ule mlango je? Kwa miaka mingi watu walibishana. Arthur Looss, Mjerumani mwingine aliyefundisha Cairo na mtaalamu wa kweli aliyegundua kwamba mnyoo wa safura hupenya kwenye ngozi, aliamini mnyoo wa kichocho anatoka kwa mtu kwenda kwa mtu kupitia maji bila kiumbe mwingine katikati. Mwaka 1913 Wajapani Miyairi na Suzuki wakaonyesha kwamba mnyoo wa kichocho wa kwao anapitia kwa konokono. Mwaka 1915 Waingereza wakamtuma Robert Leiper Misri. Akafanya kazi kwenye kijiji cha Marg karibu na Cairo, akakusanya konokono wa kwenye mifereji, akathibitisha. Yai linatoka na mkojo au choo, linaanguliwa majini, kijidudu kinaingia kwa konokono, kinazaliana humo, wanatoka vijidudu wengine wenye mkia wanaopenya ngozi ya mtu aliyeko majini. Na wale minyoo wawili wa mayai tofauti wana konokono tofauti.

Lakini mdau, jiulize Leiper alitumwa kwa ajili ya nani. Si kwa ajili ya mkulima. Alitumwa kwa sababu ya vita, ili askari wa Kiingereza waliopelekwa Misri wasiugue. Mkulima alikuwa ameugua miaka 3,000 na hakuna aliyetumwa.

Na yaliyofuata yanauma zaidi. Wakati huo huo kilimo cha Misri kilikuwa kinabadilika. Zamani Nile ilikuwa inafurika mara moja kwa mwaka, halafu mashamba yanakauka na konokono wengi wanakufa. Wakajengwa mabwawa na mifereji yenye maji mwaka mzima, bwawa la kwanza la Aswan likakamilika mwaka 1902, lile kubwa mwaka 1970. Pamba ikaongezeka, na kichocho kikaongezeka, maana konokono sasa hana kiangazi.

Dawa nayo ilipatikana mwaka 1918, Christopherson akiwa Khartoum. Ilikuwa dawa ya sindano, ya mshipani, sindano nyingi kwa wiki kadhaa, na ilikuwa kali. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali ya Misri iliwachoma watu vijijini kwa wingi. Nia ilikuwa nzuri kabisa. Tatizo sindano zilikuwa za kioo, zinarudiwa mtu kwa mtu, na kuchemshwa hakukutosha. Homa ya ini aina ya C, ambayo wakati huo hakuna aliyeijua, ikasambaa kupitia sindano hizo. Misri ikaja kuwa nchi yenye maambukizi mengi ya homa hiyo kuliko zote duniani. Watu walikwenda kutibiwa kichocho, wakarudi nyumbani na ugonjwa mwingine wa ini. Ilibidi Misri ifanye kampeni kubwa ya kupima taifa zima kuanzia 2018, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likaipongeza kwa hatua iliyofikia ya kuutokomeza.

Ahueni ilikuja na vidonge vya prazikwanteli, vilivyotengenezwa miaka ya 1970. Unameza siku moja, kipimo kinategemea uzito au urefu wako. Vinaua minyoo wa kichocho wa aina zote, na vinamuua hata yule Heterophyes wa samaki. Kwa miaka mingi watoto wadogo wa chini ya shule hawakuwa na kidonge chao, ila kuanzia 2024 kuna kidonge maalumu kwa ajili yao ambacho Shirika la Afya Duniani limeshakiidhinisha.

SISI JE?

Kichocho leo kiko zaidi Afrika kuliko kwingine kote. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 watu zaidi ya milioni 250 walihitaji dawa za kukizuia, na takriban tisa kati ya kila kumi wako Afrika. Tanzania tuna aina zote mbili: cha utumbo kando ya Ziwa Victoria, cha mkojo kwenye malambo ya Usukumani, Pwani, Unguja na Pemba. Kenya wana Mwea kwenye mpunga na Kwale huko Pwani. Uganda wana Ziwa Albert. Kikiachwa, cha utumbo kinaharibu ini mpaka mtu anatapika damu. Cha mkojo kinaweza kuleta saratani ya kibofu, na kwa dada zetu kinaleta vidonda sehemu za siri ambavyo mara nyingi hudhaniwa ni magonjwa ya zinaa, mtu anasemwa vibaya bure.

Dawa zinagawiwa mashuleni lakini elimu mara nyingine inachelewa. Mwaka 2008 Morogoro zoezi la kuwapa wanafunzi dawa za kichocho na minyoo liliishia kwenye vurugu, wazazi walikimbilia shuleni wakiamini watoto wao wanapewa sumu. Baadhi ya watu waliwacheka wazazi hao. Mimi siwezi kuwacheka. Mtoto anarudi kizunguzungu na tumbo linamsokota (dawa hiyo huleta hivyo kwa muda, hasa ukimeza na njaa), na hakuna aliyekuja kukueleza kitu, wewe ungefikiria nini? Watu wakieleweshwa kwanza, na watoto wakila kwanza, dawa inamezwa.

Kwa hiyo tukimkumbuka Bilharz tusiishie kwenye sifa za mzungu aliyegundua. Alistahili jina lake, sina ubishi. Lakini alichokigundua alikigundua ndani ya miili ya wakulima, vibarua na watoto wa Nile ambao hakuna ugonjwa wala shimo la mwezini lenye majina yao. Wao walimfundisha yeye, na vizazi vyao vilisubiri zaidi ya karne kupata faida ya somo hilo. Sisi leo hatuna sababu ya kusubiri, maana mlango unajulikana.

Mambo yenyewe ni machache. Usikojoe wala kujisaidia ziwani, mtoni au kwenye mfereji, hapo ndo mzunguko unapoanzia. Maji ya kuoga ya ziwani yakichotwa na kukaa siku mbili bila konokono ndani, vijidudu vinakufa, au yachemshe. Anayelima mpunga avae buti akipata. Samaki aive sawasawa. Na ukiona damu kwenye mkojo au kwenye choo usione aibu wala usiseme ni ukubwa, nenda kapime, kipimo ni mkojo na choo tu.

Wadau wa Mwanza, Ukerewe, Musoma, Pemba na kwingineko, huko kwenu dawa zinafika? Watu walieleweshwa au waligawiwa tu? Na huko kwenu kichocho mnakiitaje? Tupeane habari hapo chini.

Nawasilisha.